Notisi ya siku 14 kwa mume wa mtu: uchambuzi wa kisa kimoja cha ndoa

Kisa hiki nakiandika kwa mawakili wanaoanza kupokea mashauri ya ndoa, na kwa wasaidizi wa kisheria wanaotuletea wateja kutoka mitaani. Wenyewe wamekubali kisimuliwe. Mji sitautaja, ila uko Kanda ya Ziwa, Tanzania. Kazi za wahusika, miaka na viwango vya fedha vimesogezwa kidogo ili wasitambulike. Mfuatano wa mambo nimeuacha kama ulivyokuwa. Mteja nitamwita Mama K., mumewe Baba K.

Wakili alikotoka

Naanza na mimi, kwa sababu kosa la kwanza katika kisa hiki lilikuwepo kabla mteja hajapanda ngazi za ofisi yangu.

Nilipomaliza Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo na kuapishwa, ajira yangu ya kwanza ilikuwa ofisi iliyokusanya madeni ya kampuni za mikopo. Miaka minne nilikula kwa notisi. Kazi ile ina mpangilio wake: unasoma mkataba, unapiga hesabu ya kilichobaki, unaandika barua ya siku 14, mdaiwa akinyamaza unafungua shauri. Hakuna anayekuuliza mdaiwa ana watoto wangapi. Barua ikiwa kali zaidi bosi anafurahi zaidi, maana wako wanaolipa kwa kuogopa nembo na muhuri tu. Na kabla ya barua kulikuwa na simu. Tulipiga alfajiri, tukapiga usiku, saa ambazo mtu yuko nyumbani na mkewe anasikia.

Nilipofungua ofisi yangu, chumba kimoja juu ya duka la dawa, wateja wa madeni hawakunifuata. Waliokuja walikuwa watu wa mirathi, matunzo ya watoto na talaka. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 niliijua kama mtu anavyoijua barabara aliyoipita usiku akiwa ndani ya basi. Vituo nilikuwa navikumbuka kwa majina, lakini sikuwa nimewahi kushuka hata kimoja.

Siku ya kwanza

Mama K. alikuwa na miaka 38, mama lishe karibu na stendi. Ndoa yao ilifungwa kanisani mwaka 2009. Watoto watatu, wa mwisho ana miaka mitano. Mume ni dereva wa malori ya safari ndefu. Wanaishi kwenye nyumba yao ya vyumba vinne, kwenye kiwanja ambacho hakijapimwa. Karatasi pekee ya umiliki ni hati ya mauziano ya mwaka 2012, iliyogongwa muhuri wa serikali ya mtaa, yenye jina la mume peke yake.

Alikuja na bahasha ya kaki na kaunta buku moja kubwa, jalada lake limelowa mafuta ya kupikia hadi limekuwa kama ngozi. Maneno yake niliyaandika:

"Mdogo wangu, nimechoka. Huyu mwanaume ananificha kitu. Simu inaita usiku anatoka nje kuongea. Hela ya nyumbani siioni. Na ile karatasi ya kiwanja haipo kabatini."

Ukurasa wa kwanza wa jalada la shauri, kwa mwandiko wangu, unasema hivi: *mwanamke mwingine, kutelekeza familia, talaka na mgawanyo wa mali.* Angalia tena alichosema. Hakutamka hata kimoja kati ya hivyo vitatu. Suala la karatasi ya kiwanja nililiandika chini kabisa, na alama ya kuuliza.

Aliisukuma ile kaunta buku upande wangu wa meza. Nikamwambia, "Hilo tutaliangalia baadaye, mama." Mazungumzo yote yalichukua dakika 25. Nikamweleza masharti ya talaka, nikamtoa wasiwasi kwamba kupika na kulea kunahesabika kama mchango (Mahakama ya Rufani ilishalisema hilo mwaka 1983 katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu), nikapokea malipo ya awali. Aliondoka akiwa kimya. Kimya kile nilidhani ni cha mtu aliyeridhika.

Barua na kilichofuata

Siku mbili baadaye nilimwandikia Baba K. notisi ya siku 14. Ilimtaka aeleze kwa maandishi sababu za kutotunza familia, arejeshe nyaraka za nyumba, na ikamjulisha kuwa akishindwa hatua za kisheria zitachukuliwa bila kumrejea tena, gharama zikiwa juu yake. Ni barua ileile niliyoiandika mara mia kwa wadaiwa. Nilibadilisha majina tu. Na niliiandika kwa Kiingereza. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya mahakama, lakini mkono ulikuwa umeshazoea.

Kijana wangu wa ofisi aliipeleka gereji, kwa sababu huko ndiko alikoambiwa Baba K. anapatikana. Akamkabidhi mbele ya madereva wenzake na mafundi, akaomba saini kwenye kitabu. Baba K. hasomi Kiingereza. Akampa mmoja wa wenzake amsomee, na yule akatafsiri kwa sauti alichoelewa: "Mkeo anataka nyumba. Amekuwekea wakili."

Hayo nilikuja kuyasikia miezi mingi baadaye, kutoka kwa Baba K. mwenyewe. Jioni ile alikwenda kulala kwa kaka yake, wala hakurudi kwake. Ukoo ukaambiwa kwamba mke amemshtaki mume. Wiki ya pili, mjumbe akampigia simu Mama K.: kuna mtu amekuja na Baba K., wanapima kiwanja kwa hatua.

Alinipigia saa 12 jioni. Hapo ndipo ile alama ya kuuliza chini ya ukurasa iliponikodolea macho.

Kiwanja kingekuwa kimepimwa na kina hati, tungekimbilia kwa Msajili wa Hati kuweka tahadhari ya kuzuia kisiuzwe. Hiki hakikuwa na daftari lolote la serikali la kuwekea kitu. Kinachofanya kazi kwenye viwanja vya namna hii ni watu: hakuna mnunuzi mwenye akili anayelipa bila mwenyekiti wa mtaa kushuhudia. Asubuhi nilipeleka barua ya ukurasa mmoja, ya Kiswahili safari hii, kwa mwenyekiti. Nilinukuu kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa: nyumba ya ndoa haiuzwi wala haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenzi, hata kama imeandikwa jina la mmoja. Mwenyekiti aliisoma mara mbili, akagonga muhuri wa kupokea kwenye nakala yangu, akasema, "Mimi siwezi kuweka saini yangu hapo kwenye ugomvi." Mnunuzi alipotea siku hiyohiyo. Kwa kazi yote niliyoifanya katika kisa hiki, hakuna kilichomsaidia Mama K. haraka kama ile barua, na ilinichukua nusu saa.

Baraza mara ya kwanza, na siku 11

Sheria haikuruhusu kufungua shauri la talaka kabla mgogoro haujapita Baraza la Usuluhishi la Ndoa, ukiacha mazingira machache ya kipekee. Baraza likishindwa kuwapatanisha linatoa cheti, na cheti hicho kinaambatanishwa na hati ya madai. Mama K. alikwenda kwenye baraza la kata. Baba K. aliitwa, hakuja. Akaitwa tena, hakuja. Cheti kikatoka.

Hapo nikazembea. Nilikuwa nasubiri taarifa ya afisa ustawi wa jamii kuhusu watoto, nakala za vyeti vyao vya kuzaliwa, na maelezo ya fundi aliyejenga nyumba. Mama K. naye alikuwa anasita. Kila nikimwita asaini ana mgonjwa, ana msiba, ana wateja wengi stendi. Nilisema moyoni kwamba wateja ndivyo walivyo. Siku nimekaa kupakia shauri kwenye mfumo wa mahakama, karani wangu, binti ambaye hata chuo cha sheria hajakanyaga, akauliza: "Hiki cheti si kimepita miezi sita?"

Kilikuwa kimepita kwa siku 11. Kifungu cha 106 kinataka cheti kiwe kimetolewa ndani ya miezi sita kabla ya kufungua shauri. Ningelipeleka vile, wakili yeyote wa upande wa pili angelipinga siku ya kwanza na tungetoka mikono mitupu, tena na gharama.

Ikabidi nimpigie simu mteja kumwambia kwamba tunarudi nyuma, na kosa ni la kwangu. Sikumtoza kitu kwa mzunguko wa pili. Nilitegemea angefoka. Akasema, "Haya. Basi safari hii utaniangalizia lile daftari langu."

Kaunta buku

Tulikaa saa tatu, Jumamosi, simu zimezimwa. Naeleza kwa kirefu kilichokuwemo, kwa sababu kisa chote kimo humo.

Ilianza mwaka 2011. Kurasa za mwanzo ni za biashara: unga kilo, mafuta lita, mkaa gunia, nani amekula kwa mkopo. Kuanzia 2013 zinaingia za ujenzi. *Saruji mifuko 10. Nondo mm 12, vipande 8. Fundi posho. Kikoba zamu yangu, mabati bando 2.* Pembeni ya kila mstari kuna herufi moja, M au B: nani ametoa hela. M zilikuwa nyingi kuliko alivyowahi kuniambia. Mahakama ya Rufani imesisitiza mara nyingi kwamba kiwango cha mchango wa kila mwanandoa ni jambo la ushahidi. Mimi nilikuwa nahangaika kumtafuta fundi anikumbukie wakati ushahidi ulikuwa umewekwa mezani kwangu siku ya kwanza, nikausukuma pembeni.

Lakini kilichonisimamisha ni kurasa za mwisho. Kila mwisho wa mwezi kulikuwa na mstari: *B, matumizi, 250,000.* Miaka na miaka, haukosekani. Halafu mwezi mmoja: *Amesema Fuso imenoki injini.* Mwezi uliofuata B ni 120,000. Unaofuata, 50,000. Kisha hakuna.

"Fuso gani?" nikauliza.

"Alinunua na rafiki yake, kwa ubia. Alisema itatutoa."

Nikarudi ukurasa wa kwanza wa jalada langu. Simu za usiku, mtu anatoka nje kuongea. Hela inapungua nusu kwa nusu. Hati ya kiwanja haipo kabatini. Zile simu nilizijua; nilizipiga miaka minne. Yule hakuwa mtu mwenye mchepuko, au kama alikuwa naye, mimi sikumwona kwenye ushahidi. Niliyemwona alikuwa mdai.

Wakili ambaye hajawahi kukusanya madeni angeweza kusamehewa kwa kutoliona hilo. Mimi nilitoka huko. Nilichukua barua zao na ukali wao nikavileta kwenye ndoa ya watu, nikaacha kule jambo moja la maana nililolijua: sura ya mtu anayedaiwa.

Baraza mara ya pili

Wakili haruhusiwi kuwakilisha mtu mbele ya baraza la ndoa, na ndugu ndio wanaoruhusiwa kumsindikiza. Wengi wetu tunalichukulia baraza kama kituo cha kuchukulia cheti, kwa hiyo mteja tunamtuma peke yake na maneno mawili ya mlangoni. Safari hii nilimwandaa. Nilimweleza njia zote zilizokuwepo, jambo ambalo siku ya kwanza sikulifanya: anaweza kudai matunzo ndani ya ndoa bila kugusa talaka, anaweza kuomba mahakama iamuru watengane, anaweza kuomba talaka, anaweza kutofanya lolote na nyumba bado haiuzwi bila yeye. Nikamuuliza anataka nini. Akakaa kidogo.

"Nataka karatasi ya kiwanja irudi kabatini. Mengine nitayajua ikisharudi."

Sikuandika barua yoyote. Mama K. mwenyewe alimpigia shemeji yake mkubwa, akamwambia: "Shemeji, mlete mdogo wako barazani. Simshtaki. Nataka nimuulize swali moja." Akaenda na shangazi yake, Baba K. akaja na kaka.

Swali lilikuwa, "Unadaiwa shilingi ngapi?"

Shangazi ndiye aliyenisimulia. Anasema Baba K. alitazama sakafu muda mrefu, mpaka mjumbe mmoja wa baraza akataka kurudia swali, kaka yake akamzuia kwa mkono. Halafu akasema. Alikopa milioni tatu kwa mtu wa mikopo ya mtaani, ile inayoitwa kausha damu, kununua injini. Injini yenyewe ilinoki tena baada ya miezi miwili. Mkopeshaji alichukua hati ya mauziano na kumsainisha karatasi kwamba amemuuzia nyumba. Sasa alikuwa anadai milioni saba na zaidi. Ile siku ya gereji alikuwa ameshapanga kumwomba mkopeshaji miezi mitatu. Barua yangu ilipofika akaona mke naye anaichukua nyumba, basi bora aiuze alipe abaki na chenji.

Baraza halikuwapatanisha. Liliandika cheti cha pili, na likaandika pia, kwa ombi la kaka, kwamba mume amekiri deni.

Deni

Hapa nilikuwa nyumbani. Nilimwandikia kwanza Baba K., kwa Kiswahili, barua ikipelekwa na Mama K., kwamba mimi si wakili wake, maslahi yake na ya mkewe yanaweza kugongana, na kwamba ofisi za msaada wa kisheria zinaweza kumpa mtu wa kumshauri bure. Alikwenda. Mawakili wenzangu wamenicheka kwa barua ile, lakini bila hiyo nisingethubutu kukaa meza moja naye na mkopeshaji.

Mkopeshaji nilimuuliza swali moja: leseni iko wapi? Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, kukopesha kwa biashara kunahitaji leseni. Yake ilikuwa ya duka la vipodozi. Nikamwonesha kifungu cha 59, nikamweleza kwamba karatasi ya mauziano ya nyumba ya ndoa bila saini ya mke itamletea shida yeye kuliko aliyeisaini. Tulikubaliana arudishiwe mtaji wake na nyongeza ndogo, kwa awamu, mbele ya wakili wa Baba K. Ile karatasi ya uongo ilichanwa. Hati ya 2012 ilirudi ikiwa imekunjwa mara nne, na alama ya kikombe cha chai juu ya muhuri.

Matokeo

Hawakupeana talaka, na sitasema wamepatana. Baba K. alipata kazi ya udereva mkoa mwingine na anakuja mwisho wa mwezi, si kila mwezi. Matunzo yanatumwa kwa simu. Katika mwaka wa kwanza miezi miwili haikutumwa, na Mama K. aliiandika kwenye kaunta buku kama alivyoandika mingine yote, herufi B na nafasi tupu mbele yake. Fuso iliuzwa chuma chakavu. Wale watoto wakubwa wawili wanajua zaidi ya wazazi wao wanavyodhani. Hilo nililipata kwenye taarifa ya ustawi wa jamii, ambayo hatukuitumia.

Ninavyolisoma sasa

Notisi ilikuwa kosa, na sisemi tu kwamba ilikuwa kali. Notisi humwambia mtu kwamba muda wa kuzungumza umekwisha. Kwa mdaiwa wa kampuni ni kweli umekwisha. Hawa wawili hawakuwa wameanza. Ilimpa Baba K. sababu ya kuharakisha kile alichokuwa anakiogopa, na ilimvua nguo mbele ya wenzake. Kuna ndoa ambazo barua kali ndiyo dawa: mwanamke anayepigwa hahitaji wakili wa kumbembeleza mume. Lakini huwezi kujua uko kwenye ndoa ipi kwa dakika 25.

Kusita kwa Mama K. nilikusoma kama uzembe wa mteja. Alikuwa anakataa talaka ambayo hakuiomba, kwa njia pekee aliyoijua: kutokuja kusaini. Mteja asiyekuja kusaini siku hizi namuuliza upya anataka nini kabla sijamkumbusha tarehe.

Cheti kupitwa na muda ni uzembe mtupu, hauna falsafa. Kwamba ulizaa heri ni bahati, na bahati siiweki kwenye hesabu ya kazi nzuri. Huenda Baba K. asingesema ukweli miezi sita kabla hata angeulizwa vizuri. Aibu ilikuwa bado mbichi. Sijui, na nimeacha kujipa jibu linalonipendeza.

Cheti cha pili nacho nilikiandikia tarehe ya mwisho juu ya jalada, kwa kalamu nyekundu. Wiki moja kabla hakijaisha nilimpigia Mama K. kumuuliza kama anataka tukitumie. Kulikuwa na kelele za sahani nyuma yake, mchana, wateja wengi.

"Kiache kife, mdogo wangu," akasema. "Ikinibidi, nitakwenda kuchukua kingine."